Asilimia 98 au 87? Jibu kwa mama wa Kaptembwo kuhusu kondomu na mimba

Swali: "Sista, hujambo. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi 14, bado ananyonya. Tunaishi Kaptembwo, hapa Nakuru. Baada ya kujifungua nilidungwa ile sindano ya miezi mitatu mara mbili, nikawa natokwa na damu isiyokatika, nikaiacha. Sasa mimi na mume wangu tunatumia kondomu peke yake. Yeye ni dereva wa lori, huenda Malaba na kurudi, kwa hiyo akiwa nyumbani tunakutana mara nyingi, halafu siku zinapita. Tunataka huyu afike miaka mitatu ndipo tutafute mwingine. Mahali nimesoma kwamba kondomu inazuia mimba kwa asilimia 98. Muuguzi mmoja akaniambia ni 87. Jirani yangu naye anasema kitinda mimba wake ni mtoto wa kondomu, kwamba mpira huvuja. Nimepiga hesabu: kama inashindwa mara 2 katika 100, na sisi kwa mwaka tunafika mara 100, si nitapata mimba mbili? Nimwamini nani? Na ikipasuka nifanye nini?"

Jibu: Mama, asante kwa kuandika wazi hivi. Nianze na hesabu yako, maana ndiyo iliyokutia hofu, na si wewe peke yako unayeipiga hivyo. Ile 2 haihesabu matendo. Inahesabu wanandoa, tena kwa mwaka mzima. Chukua wanandoa 100 wanaovaa kondomu kila wanapokutana, tangu kabla viungo havijagusana hadi mwisho, bila kosa, kwa miezi 12. Wawili hivi watapata mimba ndani ya mwaka huo. 98 watamaliza mwaka salama. Ingekuwa 2 katika kila matendo 100, basi ni nyumba chache tu za kondomu ambazo zingefunga mwaka bila mimba, lakini nyumba hizo zipo, nyingi.

Ile 87 nayo ni kweli. Hiyo ni ya wanandoa 100 walioulizwa wanatumia njia gani, wakajibu kondomu, kisha wakafuatiliwa jinsi wanavyoishi. Humo ndani yumo aliyesahau, aliyechelewa kuvaa, aliyeishiwa usiku wa manane, aliyesema leo tuache tu. Katika hao, 13 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Na wanandoa 100 wasiotumia kinga yoyote? 85 hupata. Takwimu hizi zilikokotolewa kwa wanawake wa Marekani, na ndizo wahudumu wa uzazi wa mpango hunukuu hata huku kwetu.

Kwa hiyo muuguzi wako hakukudanganya, wala ulichosoma hakikukudanganya. Ila mama akiniuliza kliniki, mimi humtajia 87 kwanza. Naona ndiyo heshima kwake. Hiyo 98 ni nambari ya watu wasiokosea hata mara moja kwa mwaka, na ukimpa mtu nambari hiyo peke yake akaondoka nayo, atadhani amekingwa kwa sababu tu ana pakiti ndani ya nyumba.

Kati ya hao wawili na hao 13 kuna wanandoa 11. Walitumia mpira ule ule. Kilichotofautiana ni mambo yaliyotokea nyumbani, na karibu yote yana dawa.

Kubwa kuliko yote ni kutovaa. Nikimuuliza mtu kama wanatumia kila mara, jibu la kwanza huwa ndiyo. Kisha namuuliza kuhusu mara ya mwisho walipokutana, na ile iliyotangulia, na ile ya kabla yake. Hapo ndipo tunaanza kuzungumza. Simlaumu mtu, ndivyo ndoa zilivyo. Lakini hesabu haina huruma: mkiacha mara moja tu kwa mwezi, hizo ni mara 12 kwa mwaka bila kinga. Tendo moja lisilo na kinga, katika siku yoyote ya mwezi, lina uwezekano wa mimba wa kama 3 katika 100. Likiangukia siku moja au mbili kabla ya yai kutoka, uwezekano unapanda hadi kukaribia 30. Mume anayerudi baada ya siku kumi barabarani haji akifuata mzunguko wako.

Nataka nikae kidogo hapa kwa sababu hali yako inanipa wasiwasi zaidi kuliko mpira wenyewe. Wanandoa wengi huacha kondomu siku wanazoziita salama. Wewe kwa sasa huna siku salama unayoweza kuihesabu. Sindano ukiiacha, mwili huweza kuchukua miezi kadhaa kabla hedhi hazijarudi kwenye mpangilio wake. Kunyonyesha nako kunachelewesha yai, lakini kunafaa kama njia ya kupanga uzazi katika miezi 6 ya kwanza tu, tena mtoto akiwa hapewi kitu kingine na hedhi haijarudi. Wako ana miezi 14, anakula uji na ugali. Na yai la kwanza hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo mama anaweza kushika mimba bila kuona damu hata siku moja. Hata kwa mwenye mzunguko uliotulia, mbegu za kiume huishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo siku zenye hatari ni kama 6: tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Mpaka hedhi zako zitulie, kila siku ihesabuni kuwa siku ya kondomu.

La pili ni kuchelewa kuvaa. Wengine huanza bila, wakavaa karibu na mwisho. Majimaji yanayotangulia yanaweza kubeba mbegu, na kile kipindi cha kukadiria ni lini pa kusimama ndicho kinachowashinda watu. Ivaliwe uume ukishasimama, kabla haujagusa uke. Fungueni kwa vidole, si kwa meno wala mkasi. Ncha ibanwe kwa vidole viwili ili hewa isibaki, kisha ikunjuliwe hadi shinani. Ikigoma kukunjuka, maana yake imewekwa kinyume. Msiigeuze upande wa pili, maana tayari imegusa, itupeni mchukue nyingine. Na akishamaliza, asilale hapo. Atoke uume ukiwa bado umesimama, akiwa ameshika ukingo wa kondomu kule shinani. Ukilegea ukiwa ndani, mpira hubaki nyuma na shahawa humwagika. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na ukiniuliza, mimba nyingi zinazosemwa kuwa za kondomu iliyovuja ni za kondomu iliyovuliwa vibaya.

Tukiwa hapo, tuseme kuhusu jirani yako. Mpira mzima hauvuji. Kondomu hupimwa kwa umeme kiwandani kutafuta tundu, na sampuli za kila fungu hujazwa maji, mililita 300, zikaning'inizwa kuona kama kutatokea tone. Mpira wa leteksi usiotoboka hauruhusu hata virusi vya ukimwi kupita, na virusi hivyo ni vidogo mara nyingi kuliko mbegu ya kiume. Jirani yako anaweza kuwa anasema kweli kwamba alishika mimba wakati wakitumia kondomu. Huenda ilipasuka, huenda ilibaki ndani, huenda kuna usiku haikuvaliwa na hakuna anayeukumbuka. Simjui, na mtoto wake apendwe. Lakini usichukue kisa chake kama ushahidi wa matundu.

Sasa nikuulize jambo la ndani, na unisamehe. Je, kuna ukavu? Mama anayenyonyesha hupungukiwa na homoni inayouletea uke unyevu wake, na ukavu huo husugua mpira hadi ukachanika. Kisha watu hutafuta cha kulainisha, na katika nyumba yenye mtoto kilicho karibu na kitanda ni mafuta ya mtoto au Vaseline. Tafadhali msiguse hivyo. Katika majaribio ya maabara, mpira wa leteksi uliopakwa mafuta ya mtoto ya aina ya madini kwa dakika moja tu ulipoteza karibu asilimia 90 ya nguvu zake, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Mafuta ya nazi, ya kupikia, losheni, yote ni hatari kwa mpira. Hata baadhi ya dawa za fangasi zinazowekwa ukeni huudhoofisha, ukiandikiwa, uliza. Nendeni duka la dawa muulizie jeli ya maji, ile isiyo na mafuta. Mate hayaharibu mpira, ila hukauka haraka. Mara nyingi nimeona mama akibadilisha hicho kimoja tu na malalamiko ya kupasuka yakaisha.

Halafu joto. Baba mtoto akiweka kondomu kwenye dashibodi ya lori kutoka hapa hadi Malaba, jua likipiga kioo siku nzima, mpira unachoka ukiwa ndani ya pakiti yake. Mfuko wa nyuma wa suruali ndio mbaya zaidi: joto la mwili na kukaliwa kwa saa nyingi. Zile za nyumbani ziwekeni mahali pakavu penye kivuli, mbali na jiko na dirisha. Kabla ya kufungua, tazama tarehe ya mwisho, na ubonyeze pakiti kidogo; ikiwa na hewa ndani bado ni nzima, ikiwa imesinyaa achana nayo.

Kondomu mbili kwa pamoja, hapana: zinasuguana na kupasuka. Moja, kwa tendo moja, ikitoka mpya. Akisema inabana sana au inatelezatelezea, ukubwa hutofautiana kati ya aina na aina, jaribuni nyingine badala ya kuacha. Akiwashwa au wewe ukiwashwa, huenda ni mzio wa leteksi, na zipo zisizotengenezwa kwa leteksi. Kuna ya kike pia, ambayo wewe mwenyewe unaweza kuivaa kabla hajafika kitandani, lakini kwa matumizi ya kawaida wanawake 21 katika 100 hupata mimba kwa mwaka, na kwa matumizi yasiyo na kosa ni 5. Kwa mpango wenu ningebaki na ya kiume.

Swali lako la mwisho: ikipasuka. Kwa watu wanaojua kuitumia, hutokea kama mara 2 katika matendo 100 au chini ya hapo, na si kila kupasuka kunaleta mimba. Lakini usikae ukisubiri bahati. Usijisafishe ndani kwa maji, sabuni wala kitu kingine. Mbegu haziondoki hivyo na unajiumiza. Nenda duka la dawa au kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaombe dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ile ambayo huku wengi tunaiita P2. Ni dawa ya levonogestreli, miligramu 1.5: ama kidonge kimoja, ama viwili vya 0.75 ambavyo unaweza kuvimeza pamoja. Kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Ndani ya saa 72 ndio wakati wake; hadi siku ya 5 bado inaweza kusaidia ila nguvu zimepungua. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia. Unaponyonyesha inaruhusiwa. Kama unameza dawa za kifua kikuu, za kifafa au za kupunguza makali ya virusi, mwambie mhudumu kabla, maana baadhi yake hupunguza nguvu ya dawa hii.

Nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu nimesikia mama wakiiogopa. Huchelewesha yai lisitoke. Haitoi mimba iliyokwisha kushika, na kama tayari uko mjamzito haitamdhuru mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo, haikukingi kwa tendo la kesho: yai lililocheleweshwa linaweza kutoka siku chache baadaye, kwa hiyo rudini kwenye kondomu usiku huo huo. Iwe ni ya dharura kweli. Kila mwezi ukijikuta dukani, ni dalili kwamba njia yenu inahitaji kubadilishwa.

Kuna njia ya dharura iliyo bora kuliko hiyo na haitajwi sana: koili ya shaba, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Ikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo, huzuia zaidi ya asilimia 99 ya mimba, kisha inabaki kukukinga hadi miaka 10, na unaweza kuitoa siku yoyote unayotaka mtoto. Tatizo lake kwako ni kwamba inaweza kuongeza damu ya hedhi, na damu ndiyo iliyokufanya uache sindano. Hilo ulijadili na muuguzi anayekupima.

Baada ya kupasuka, subiri wiki 3 tangu tendo ndipo upime mkojo. Ukipima mapema zaidi, majibu yanaweza kukudanganya. Kwako usitegemee hedhi kukwambia, kwa kuwa bado haijatulia.

Sasa nikwambie ninavyoona, si takwimu. Mnataka mtoto afike miaka mitatu. Ni mpango mzuri. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau miezi 24 ipite tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na nyinyi mmejipa nafasi zaidi. Lakini hiyo ina maana mnahitaji kinga kwa karibu miaka miwili zaidi, na zile nambari nilizokupa ni za mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nao una hatari yake. Ikiwa mimba sasa itawabana kidogo tu, kondomu iliyovaliwa kila mara inatosha, na P2 ikae kabatini ili usianze kuitafuta usiku. Ikiwa mimba sasa itawavuruga kabisa, kodi, kazi, afya yako, basi ningeongeza njia ya pili juu ya kondomu.

Sindano kukutoa damu haina maana kwamba kila njia itakufanya hivyo. Mtoto akishapita miezi 6, mama anayenyonyesha anaweza kutumia vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili, na hivi mara nyingi hutuliza damu. Lazima upimwe presha kwanza, na useme kama unavuta sigara au una maumivu ya kichwa ya upande mmoja yanayokuja na kuona nuru au vimulimuli. Kwa jinsi watu wanavyovimeza, mimba ni kama 7 katika 100 kwa mwaka. Kipandikizi cha mkononi kinashinda karibu kila kitu, chini ya mimba 1 katika 100, ila nacho huweza kuvuruga damu, ingawa kwa wengi hutulia au mhudumu huweza kutoa dawa ya kuituliza. Hata ile ya sindano ingeweza kutibiwa. Ninasikitika kwamba hakuna aliyekueleza kabla hujaiacha.

Hata ukiongeza njia nyingine, msiitupe kondomu. Katika njia zote za kupanga uzazi, ni kondomu tu, ya kiume na ya kike, inayokinga pia virusi vya ukimwi, kaswende na kisonono. Silisemi hili kama tuhuma kwa baba mtoto. Ninalisema kwa sababu ninafanya kazi katika mji ulio kwenye barabara kuu, na kupima pamoja, wewe na yeye, ni jambo ambalo wanandoa wengi wa madereva hulifanya bila ugomvi wowote. Na kondomu ikipasuka na mmoja wenu hajui hali yake au ya mwenzake, mbali na P2 kuna dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72. Hospitali kuu ya kaunti, ambayo wengi bado tunaiita PGH, wanazo, na mlango wa dharura hauulizi saa ngapi.

Siku atakayokuwa nyumbani, njooni wote wawili kwenye kliniki ya kupanga uzazi iliyo karibu nanyi. Huduma katika vituo vya serikali haihitaji sababu ndefu: sema tu unataka njia ya kukaa hadi mtoto afike miaka mitatu. Beba kadi ya mtoto, maana tarehe za sindano zako huenda zimeandikwa humo au kwenye kitabu chako cha kliniki. Ombeni mwonyeshwe kuvaa kondomu kwenye mfano wa mbao, hata kama yeye anasema anajua. Dakika tano zinatosha, na mkitoka mchukue za bure zilizo kwenye kisanduku pale mlangoni. Zile alizo nazo kwenye lori azitupe.